Kuku wa mayai naye anahitaji nyumba, si kaje



Mbele ya kuendelea kusoma, tafuta karatasi moja ya biro, ile ya kipimo A4. Kila mufanyakazi anaijua: ni juu ya karatasi ile mukubwa anaandikaka barua ya kukusimamisha kazi siku tatu. Itandike juu ya meza. Iko na sentimita 21 upande huu na karibu 30 upande ule. Sasa uwazie kuku munene, wa kilo moja na nusu ao mbili, amesimama juu ya karatasi ile. Anakula pale, anakunywa pale, anataga pale, analala pale. Hatoki. Mwaka muzima na zaidi, mupaka siku ya kuchinjwa.

Hiyo njo kaje. Na wengine hawapate hata karatasi nzima. Ulaya, mbele ya mwaka wa 2012, sheria iliomba sentimita mraba 550 kwa kila kuku. Karatasi yako iko na zaidi kidogo ya 623.

Naandika mambo haya juu Jumapili hii mu kampi yetu tunapiga kura. Kasha yetu ya kusaidiana, ya wajane na wastaafu, imekusanya franka kwa miaka tatu, kidogo kidogo, na wote tulikubali kwamba franka ile iingie mu kazi ya mayai. Tutaanza na kuku 300. Kinachobaki ni swali moja: tuwaweke wapi? Kuko mufanyabiashara mumoja anatuuzia kaje za chuma ambazo zilikwisha kutumika. Anasema zilitoka Ulaya, nguvu sana, hazioze. Upande mwingine, kuko wale wanaosema tujenge sisi wenyewe nyumba ya matofali na waya, kuku watembee chini.

Nisifiche kitu: miye delege wenu nilikuwa wa kwanza kuinua mukono kwa kaje. Leo nimebadilisha mawazo, na nataka kila mutu ajue juu ya nini.

Juu ya nini tunataka mayai

Mayai mengi tunayokula hapa Lubumbashi na mu miji ya migodi yanatoka Zambia, yanapita Kasumbalesa. Mupaka ukikohoa, soko letu linapata homa. Mu mwezi wa 8 wa 2024 Zambia ilifunga mupaka kwa siku chache juu ya ugomvi wa bia na vinywaji. Kila mama anayeuza ku soko anajua siku kama zile zinafanya nini ku bei. Kwa mutoto wa mufanyakazi, yai moja ni nyama ya bei ndogo. Tukiwa na kuku wetu, tuko na yai letu, hata barriere ikifungwa.

Kwa hiyo sitaki mutu aniambie napinga mupango. Mupango ni muzuri. Napinga nyumba mubaya.

Na kaje iko na mambo yake mazuri, tuyaseme wazi. Haikamate nafasi kubwa. Chini ni waya yenye kuinama, yai likitoka linajiviringisha lenyewe mupaka mbele, linabaki safi. Kuku hakanyage mavi yake, kwa hiyo magonjwa ya minyoo na ya kuhara damu yanapunguka. Mwizi anaona kazi. Kuku asiyetembea anakula kidogo kuliko anayetembea. Njo maana miye nilinua mukono.

Nilichoona kwa macho

Kisha mutoto wa dada yangu aliniita nimutembelee ku kazi yake. Ni shamba la kuku inje ya muji, jina nalifunga. Tulifika asubui. Mbele ya kufungua mulango aliniambia:

«Mujomba, usikae sana mu ndani, utatosha machozi.»

Nilicheka. Mutu aliyeingia mu shimo nyuma ya kulipua barutu, namna gani aogope nyumba ya kuku? Lakini kweli, dakika mbili, macho yakaanza kuniwaka na koo ikafunga. Ni amoniaki, hewa ile kali inayotoka mu mavi yakirundikwa na kulowa. Kaje zilipangwa orofa tatu, na mu kila kaje kuku wanne ao watano. Shingo zao zilikuwa uchi juu ya kujisugua ku waya kila wakati wanapokula. Makucha yamekuwa marefu na kupinda, juu hawana udongo wa kuparua. Ncha ya mudomo imekatwa, ili wasidonoane. Kuku mumoja alitaka kufungua mabawa. Alifungua nusu, akagonga mwenzake, akafunga.

Kijana wetu anakaa mule masaa kumi kwa siku. Hana kontra, analipwa ku siku. Hana maski. Asubui kazi yake ya kwanza ni kutosha waliokufa usiku. Anakohoa kikohozi ninachokijua, kile kikavu cha wazee wetu wa vumbi. Nikamuuliza kama alipelekwa kwa munganga. Akasema: «Munganga? Hata kuku anamupata mara moja kwa miezi sita.»

Mu inchi nyingi, kipimo cha amoniaki kinachokubaliwa kwa mufanyakazi wa masaa 8 ni sehemu 25 mu sehemu milioni za hewa. Mule hakuna chombo cha kupima. Kuko macho yake tu.

Niliporudi nyumbani nilikumbuka habari moja ya wachimbaji wa makaa wa Uingereza. Kwa miaka mingi waliingia mu shimo na ndege mudogo wa manjano, kanari. Pumzi yake ni ya haraka na mwili wake ni mudogo, kwa hiyo hewa mubaya ilimuangusha mbele ya mutu, na wachimbaji walikimbia. Waliacha desturi ile mu mwaka wa 1986 tu, wakati mashine zilichukua nafasi yake. Kulitengenezwa hata kaje maalum yenye chupa ndogo ya oksijeni juu, ili ndege akianguka wamurudishie pumzi. Wachimbaji wale walijua jambo moja: pumzi ya ndege na pumzi ya mutu ni hewa moja. Mule mu shamba ni vile vile. Kuku akiharibika kifua, anayemulisha naye anaharibika.

Mifupa inayokuwa maganda

Jambo la pili niliona wakati wa kuondoa kuku wazee. Nilisaidia usiku mumoja. Mulango wa kaje ni mudogo, wakati ni mufupi, wanashika kuku ku muguu na kuvuta. Nilisikia mifupa ikivunjika kama vijiti vya kuwashia moto. Nikazani ni miye sijui kushika. Hapana, hata kwa wenye kuzoea ilikuwa vile.

Juu ya nini? Kuku wa pori wa Asia, babu wa kuku wote, anataga mayai kumi ao kumi na tano kwa mwaka, basi. Kuku wetu wa mayai anataga karibu 300. Kila ganda linaomba gramu mbili hivi za kalsiumu, na ganda linajengwa kwa masaa karibu 20, sehemu kubwa usiku, wakati kuku hakule. Chakula kisipotosha, mwili unachota mu mifupa. Na mufupa usiofanya kazi unakuwa teke: kuku asiyetembea, asiyeruka, asiyefungua mabawa, mifupa yake inabaki kama chaki. Mu mwaka wa 1989 watafiti wa Uingereza walipima kuku waliotoka mu kaje: mbele ya kuchinjwa, karibu 29 kwa 100 walikuwa tayari na mufupa moja ao zaidi umevunjika.

Sisi wenye migodi tunaelewa habari ile bila mwalimu. Kuna kazi inayokulipa leo na kukutosha mifupa kesho.

Ulaya walifanya nini

Kaje si jambo Waafrika walianza kulilalamikia. Mu mwaka wa 1964, mama mumoja wa Uingereza, Ruth Harrison, aliandika kitabu juu ya nyama wanaofugwa kama mashine. Watu walisoma, wakakasirika, serkali ikaunda komisyo ya Profesa Brambell. Mu 1965 komisyo ilisema nyama aweze angalau kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Mambo tano tu. Kuku wa kaje hakuweza hata moja vizuri.

Uswisi walikataza kaje mbele ya wengine. Tangu mwanzo wa 1992 hazionekane kule. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria yake mu 1999 na kuwapa wafugaji miaka 12 ya kujipanga. Tarehe 1 ya mwezi wa kwanza 2012, kaje tupu zikakatazwa. Hesabu mwenyewe: toka kitabu mupaka sheria kufanya kazi ni miaka 48. Mutu wa sendika hashangae. Hakuna haki inayoshuka siku moja kama mvua.

Na hata kule kazi haijaisha. Sheria iliacha kaje kubwa kidogo, sentimita mraba 750 kwa kuku, yenye kiota, fimbo ya kusimamia na pa kuparua. Watu zaidi ya milioni moja wa Ulaya walitia mukono ku ombi la kuondoa kaje zote, na mu 2021 wakubwa wa Umoja wakaahidi kuleta sheria. Ahadi ya wakubwa, tunaijua uzito wake.

Sasa niulize: ikiwa kaje tupu haina tena ruhusa ku Ulaya, juu ya nini inakuwa nzuri ikivuka bahari? Chuma kile kile, kuku yule yule. Tumekwisha kuona mambo mengi yanayofika kwetu vile, magari, nguo, dawa. Franka ya wajane isilipe mabaki ya watu wengine.

Neno la mama mujane

Mu mukutano wa juma lililopita nilisema haya yote. Mama mumoja mujane, mume wake alikuwa mu timu yangu, akasimama. Akasema:

«Papa delege, miye minalala na batoto saba mu chumba moja. Mvua ikinyesha, tunasogea kwenye kona. Na weye unalilia kuku nafasi?»

Watu walinyamaza. Miye nilinyamaza pia. Jioni ile sikuwa na jibu, na sitajifanya kwamba nilikuwa nalo. Mama ana haki. Nyumba za kampi yetu ni aibu, na barua tulizoandika juu yake zinajaza sanduku. Hakuna kuku atakayepita mbele ya batoto wale.

Lakini siku ya pili alikuja kwangu mwenyewe. Alikulia mu mugini, anajua kuku kuliko sisi wote. Akaniambia:

«Kuku akitaka kutaga, anatembea-tembea, anatafuta kichaka, anatafuta fasi ya giza. Ukimukosesha, analia siku nzima. Mu kaje atajificha wapi? Na miye njo nitakuwa mule kila asubui, si weye. Ile arufu itaingia mu kifua yangu.»

Njo hapo nilipata jibu. Nafasi ya kuku haikatwe ku nafasi ya mama. Ni nyumba moja ya kazi, yeye na kuku wako ndani pamoja, hewa moja. Ukiijenga vibaya, unawaumiza wote wawili kwa franka ile ile. Wazee wetu walisimulia habari ya Union Minière: miaka ya 1920 ilianza kujenga kampi ili mufanyakazi akae na muke na watoto. Haikuwa upendo. Waliona kwamba mutu anayelala vizuri hakimbie kazi na anachimba zaidi. Tokea siku ile sendika inasema: nyumba si zawadi, ni sehemu ya mushahara. Kuku wa mayai naye analipa kodi yake kila asubui, yai moja karibu kila siku. Tumupe kilicho chake.

Hesabu ya nyumba yetu

Tusikae mu maneno tu. Kwa kuku 300, wa muchana na usiku mu ndani, tuhesabu kuku 6 kwa metre moja mraba. Inatoa metre mraba 50: nyumba ya metre 10 kwa 5. Sheria ya Ulaya inaruhusu mupaka 9, lakini kwetu mwezi wa 10 joto linaua, tuache nafasi.

Upande murefu uangalie kaskazini na kusini, ili jua la asubui na la jioni lisiingie. Ukuta wa matofali mufupi, mupaka ku magoti ao kiuno, juu yake waya, ili upepo upite. Juu ya paa, nyasi ao matete yapunguze moto wa manjanja.

Chini tutie maranda ya seremala, kimo cha sentimita 10, na kuyageuza kila juma. Hapa nisidanganye mutu: matandiko yakilowa, nyumba ya chini inanuka kuliko kaje. Maji ya kunywa yawekwe juu kidogo yasimwagike, na palipolowa patoshwe siku ile ile. Ukiinama kwenye kimo cha kuku na macho yakawaka, kazi imeharibika.

Fimbo za kulalia: sentimita 15 kwa kila kuku, ndiyo metre 45 kwa wote. Zisiwe juu sana. Kuku anayeruka toka juu na kuanguka anavunja mufupa wa kifua, na hilo linatokea hata mu nyumba nzuri. Viota 60, vya mbao, kuku watano kwa kiota kimoja, vyenye giza kidogo na nyasi kavu. Juma za kwanza wengine watataga chini. Mayai yale yaokotwe mara nyingi kwa siku, mupaka wazoee.

Chakula, karibu kilo 35 kwa siku kwa kuku wote, na mu provande kalsiumu itoshe, pamoja na chokaa ya mawe iliyosagwa pembeni wajichagulie. Maji, litre 75 kwa siku, na zaidi wakati wa joto. Majani mabichi yafungwe na kamba juu, wayadonoe wayo pahali pa kudonoana wenyewe. Chanjo ya ugonjwa wa Newcastle isikose hata mara moja, juu ugonjwa ule unamaliza nyumba nzima kwa siku chache.

Na kwa mutu atakayefanya kazi mule: maski, buti, sabuni, na mushahara ulioandikwa. Kama sisi sendika tunaanza kazi yetu wenyewe bila kontra, tutamwambia nini patron kesho?

Ndiyo, nyumba hii itaomba kazi ya mikono. Kuku watakula zaidi kidogo. Zamu ya kulinda usiku itatuhusu wote, juu mwizi hatapata kaje ya kumuchelewesha. Lakini matofali tunafyatua wenyewe, maranda ni ya bure kwa maseremala wa mutaa, na franka ambayo ingelipa chuma itanunua provande ya miezi ya kwanza, wakati kuku bado hawajaanza kutaga. Wengi waliochukua franka yao ya mwisho wa kazi na kuanza kufuga, walianguka mu miezi ile.

Jumapili, nyuma ya misa na kulti, saa nane, ku sali ya sendika. Kila memba wa kasha akuje na kitabu chake. Wajane watapiga kura wa kwanza, juu ni franka yao. Mama yule ameomba kusema mbele ya kura, na nimemupa nafasi yangu.